Miezi 18 Iliyochukua Miaka Saba

Kila mwaka mpya mabalozi wa nchi za nje hukusanyika kumtakia Rais heri, naye huwajibu kwa hotuba ambayo kwa kawaida haikumbukwi kesho yake. Hotuba ya tarehe 1 Januari 1980 haikuwa ya namna hiyo. Mwalimu Julius Nyerere aliwauliza wageni wake tangu lini Shirika la Fedha la Kimataifa, ambalo watu walishazoea kuliita IMF, limekuwa wizara ya fedha ya dunia nzima, na ni lini mataifa yalikaa kitako yakakubaliana kulikabidhi haki ya kujiamulia mambo yao. Swali hilo lilinukuliwa Jamaica, lilinukuliwa Ulaya, na mpaka leo ukitaja IMF mbele ya Mtanzania wa makamo atakukumbusha.

Waliokuwa karibu na serikali walijua kilichomchemsha. Wiki chache nyuma, ujumbe wa IMF ulikuwa Dar es Salaam kujadili masharti ya mkopo, na Waziri wa Fedha, Edwin Mtei, alikuwa ameona kwamba sehemu ya masharti hayo haikwepeki. Mwalimu alikataa katakata. Mtei akajiuzulu Desemba 1979, akarudi kwenye shamba lake la kahawa Tengeru, nje kidogo ya mji wa Arusha. Kiti chake kikakaliwa tena na Amir Jamal, ambaye alishakuwa Waziri wa Fedha mara mbili kabla. Katika serikali ile, waziri kuachia ngazi kwa sababu ya kutofautiana na Rais juu ya sera lilikuwa jambo la kuhesabika kwa vidole.

Masharti yenyewe yalikuwa yaleyale ambayo IMF iliyapeleka kila ilikobisha hodi: shilingi ishushwe thamani, serikali ipunguze matumizi na kukopa benki, mishahara isimame, riba ipande, bei ziachiwe, uagizaji ulegezwe. Kwa Mwalimu kila sharti lilikuwa na sura ya mtu. Kubana matumizi maana yake zahanati ya kijiji ikose dawa na mwalimu wa Elimu ya Msingi kwa Wote (UPE) akose chaki. Kushusha shilingi maana yake mafuta ya taa yapande bei kwa mtu asiye na taa nyingine. Kwa Mtei, aliyekuwa Gavana wa kwanza wa Benki Kuu tangu 1966, hesabu haikuwa na huruma: nchi ilikuwa inatumia fedha isiyokuwa nayo, na shilingi iliyopangiwa kiwango cha nane na senti kadhaa kwa dola haikuwa na thamani hiyo mahali popote isipokuwa kwenye vitabu.

Kilichokuwa chini ya ubishi huo ni lawama. Ikiwa Hazina imekauka kwa sababu ya vita, mafuta na ukame, basi Tanzania ni mgonjwa aliyegongwa na gari barabarani, na dunia inapaswa kumhudumia bila kumhoji. Ikiwa imekauka kwa sababu ya maamuzi ya Dar es Salaam na Dodoma, basi maamuzi hayo ndiyo yabadilishwe kwanza. Aliyeshinda mabishano ya chanzo ndiye angechagua fungu la kukatwa. Kwa hiyo, kwa miaka saba, wasomi, mawaziri, wahisani na watu waliopanga foleni ya sukari walibishana kuhusu yaliyopita, hali kila mmoja anajua kwamba kinachogombewa ni bajeti ijayo.

Orodha ya makosa ya nje ilikuwa ndefu, na ilikuwa ya kweli. Mwishoni mwa 1973 bei ya mafuta ilianza kupanda mpaka ikawa takriban mara nne, na mwaka 1979 ikapanda tena kwa kishindo. Ukame wa 1973 na 1974 uliilazimisha nchi inayojitegemea kuagiza mahindi kwa fedha za kigeni. Mkonge, ambao mwaka 1964 ulikuwa umefikia zaidi ya tani 230,000, ulikuwa unashindana na kamba za nailoni, na kufikia 1980 mavuno yalikuwa hayafiki hata nusu ya kiasi hicho. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika. Tanzania ikafunga mpaka wake na Kenya, ikajikuta inahitaji shirika lake la ndege, reli yake, bandari yake na simu zake kwa mkupuo mmoja, ilhali mali za pamoja zilikuwa zimebaki zilipokutwa. Mgawo wa mali hizo haukusainiwa mpaka Mei 1984.

Kisha ikaja Kagera. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka, yakatangaza kwamba ardhi yote ya kaskazini mwa mto Kagera ni ya Uganda. Tarehe 2 Novemba Mwalimu akalihutubia taifa na kusema tunao uwezo, tunayo sababu na tunayo nia. Kuhusu sababu na nia hakuna aliyebisha. Uwezo ulipatikana kwa kuchukua malori na mabasi ya watu binafsi, kwa ng'ombe na magunia yaliyochangwa vijijini, na kwa fedha ya kigeni iliyokwenda kwenye petroli, vipuri na silaha. Jeshi liliongezwa mpaka likapita watu 100,000 pamoja na mgambo. Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili 1979, na gharama inayotajwa mara nyingi ni dola milioni 500. Hakuna aliyetufidia. Umoja wa Nchi Huru za Afrika haukutoa kitu, Uganda yenyewe ilikuwa haina hata chumvi, na askari wetu wengine walibaki huko mpaka 1981.

Baada ya ushindi Mwalimu aliwaomba wananchi wafunge mikanda kwa miezi 18. Hilo ndilo neno ambalo kizazi kile hakijalisahau, kwa sababu miezi 18 ilipita, ikapita mingine 18, na mkanda ukazidi kutobolewa matundu.

Lakini tarehe zina ubishi wake. Vita ilianza Oktoba 1978. Akiba ya fedha za kigeni ilianza kukauka mapema zaidi mwaka huohuo, na kisa chake ni kahawa.

Julai 1975 baridi kali iliunguza mibuni ya Brazil. Bei ya kahawa duniani ikapaa, na kufikia 1977 mkulima wa Kilimanjaro na wa Bukoba, bila ya kufanya chochote cha zaidi, alikuwa analetea nchi fedha ambazo haikuwahi kuziona. Mkulima mwenyewe aliongezewa bei, ingawa sehemu kubwa ya neema iliishia kwa Mamlaka ya Kahawa na Hazina. Akiba ya Benki Kuu ikanona. Benki ya Dunia na IMF, wakiiona akiba hiyo, walishauri vizuizi vya uagizaji vilegezwe, na mwaka 1978 vikalegezwa. Bidhaa zikamiminika. Bei ya kahawa ilikuwa imeshaanza kuteremka, na kufikia mwisho wa mwaka akiba ilikuwa imekwisha, wakati vita ndiyo kwanza inapamba moto. Waziri wa Fedha wakati huo alikuwa Mtei huyohuyo. Washauri walikuwa walewale ambao mwaka uliofuata walikuja kuipa serikali somo la kuishi kwa kipato chake. Katika simulizi la pande zote mbili, mwaka 1978 hupitwa haraka, na sidhani kama ni bahati mbaya: hakuna aliyetoka humo akiwa msafi.

Mwaka huohuo wa 1978 uliwahi pia kuzaa swali la vipaumbele kutoka mahali pasipotarajiwa. Tarehe 5 Machi wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliteremka kutoka Mlimani wakiandamana kupinga nyongeza ya mishahara na marupurupu ya mawaziri, wabunge na viongozi wengine. Hoja yao ilikuwa ya Azimio la Arusha kabisa: nchi ya wakulima haiwezi kuanza na mifuko ya wakubwa. Polisi waliwatawanya, na zaidi ya wanafunzi 350 walifukuzwa chuo. Wenye kumbukumbu walilinganisha na Oktoba 1966, wanafunzi walipoandamana kupinga kwenda Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) kwa masharti mapya. Safari ile walifukuzwa vilevile, lakini Mwalimu, huku akifoka, alikata mshahara wake kwa asilimia 20 palepale. Miaka kumi na miwili baadaye, Mlimani ndio waliokuwa wanaitetea kauli ya Mwalimu, na serikali ndiyo iliyowatimua.

Haya ni mambo ya sahani na vikombe, mtu atasema. Marupurupu ya mawaziri hayakuiangusha shilingi. Ni kweli. Fedha kubwa zilikuwa kwingine.

Zilikuwa, kwanza, kwenye mambo ambayo leo hakuna mwenye ujasiri wa kuyaita upotevu. Azimio la Musoma la 1974 lilitaka kila mtoto wa umri wa shule awe darasani ndani ya miaka mitatu. Kisomo cha watu wazima kilikusanya kina mama chini ya miembe. Maji ya bomba, zahanati, chanjo. Watoto waliandikishwa kwa wingi ambao nchi nyingi tajiri kuliko sisi hazikuufikia, na sehemu kubwa ya gharama ya maendeleo ilibebwa na wahisani, Wasweden wakiwa mbele. Lakini mhisani hujenga. Anayelipa mshahara wa mwalimu, anayenunua dizeli ya pampu ya maji na anayetengeneza barabara ikimomonyoka ni serikali. Kila mradi mpya uliozinduliwa kwa ngoma uliacha bili ambayo haikuwa na mfadhili.

Pili, kwenye viwanda. Mkakati wa 1975 ulitaka nchi itengeneze vitu vya msingi yenyewe, na mfano unaotajwa kila mara ni kiwanda cha viatu cha Morogoro. Kilijengwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia, kwa nia ya kutengeneza jozi milioni nne kwa mwaka na kuuza nyingi Ulaya. Kuta zake zilikuwa za alumini, hewa haipiti, Morogoro, kwenye jua lile. Ngozi haikutosha, vipuri havikuwepo, mafundi walikuwa wachache. Hakikuwahi kuvuka asilimia 4 ya uwezo wake. Nakitaja kwa sababu kinawaumbua wote kwa pamoja: wapangaji wetu waliokitaka, na benki ya Washington iliyokagua michoro, ikaridhika, ikatoa hela. Miaka michache baadaye benki hiyohiyo ilikuwa inaandika ripoti kuhusu upangaji mbovu wa serikali za Kiafrika.

Tatu, na hapa ndipo ninapodhani mzizi ulipo, zilikuwa kwenye vitabu vya mashirika ya umma, hasa yale ya mazao.

Mei 1976 vyama vya ushirika vya wakulima vilivunjwa. Si vyama vya jana. Kile cha Kilimanjaro, KNCU, kilikuwepo tangu 1933. Nafasi yao ikachukuliwa na mamlaka za mazao: ya kahawa, ya pamba, ya tumbaku, na Shirika la Taifa la Usagishaji, NMC, kwa nafaka. Vyama vilikuwa na wizi wake na upendeleo wake, na wakulima wenyewe waliulalamikia. Mamlaka, kwa upande wake, ilikuwa haimjibu mkulima kwa lolote. Mkulima alipeleka pamba au tumbaku akapewa hati, akasubiri malipo hata miezi. Magari ya mamlaka, nyumba za mamlaka, mishahara ya mamlaka vyote vilitoka kwenye bei ambayo angelipwa. Mchumi Mwingereza Frank Ellis alipiga hesabu za miaka ya sabini akakuta kwamba kile ambacho mazao ya mkulima mdogo yangeweza kumnunulia dukani kilikuwa kimepungua kwa zaidi ya theluthi. Mkulima hakusoma ripoti hiyo, alishaelewa. Alipunguza palizi ya mazao ya biashara, akaongeza mahindi na mihogo ya kula, na aliyekuwa jirani na mpaka akavusha kahawa usiku.

NMC ilikuwa na ugonjwa wake wa peke yake. Ilitakiwa kununua mahindi kwa bei moja nchi nzima, awe mkulima yuko Kibaigwa au Sumbawanga, na hapo mikoa ya Rukwa, Ruvuma, Mbeya na Iringa ikaamka kweli kwa kilimo cha mahindi. Ni jambo jema, isipokuwa kwamba lori la kuyatoa huko hadi Dar es Salaam lilikuwa linakula mafuta na matairi ya fedha ya kigeni. Kisha sembe ikauzwa mjini kwa bei ya chini kuliko gharama, kwa sababu mshahara wa mjini ulikuwa umezuiwa na mtu lazima ale. Tofauti iliandikwa kama deni la NMC katika Benki ya Taifa ya Biashara, benki iliyokuwa ya serikali, ikilidai shirika lililokuwa la serikali, kwa dhamana ya serikali. Deni lilikua mwaka hadi mwaka. Fungu hilo halikupita Bungeni kama ruzuku, halikujadiliwa kama shule na hospitali zinavyojadiliwa, na bado lilichapishiwa noti kama mengine. Bei zikaanza kupanda kwa asilimia 30 kwa mwaka na viwanda vikawa vinafanya kazi kwa robo tu ya uwezo wake.

Kwa hiyo, wakati Mwalimu anamwambia balozi wa nchi fulani kwamba hatafunga shule ili alipe madeni, na IMF inamwambia apunguze matumizi, pande zote mbili zilikuwa zinaitazama bajeti iliyosomwa Bungeni. Pesa nyingine ilikuwa inapotelea kwenye mlango wa nyuma, na aliyekuwa anailipa ni mtu wa Rungwe aliyepewa hati ya kahawa badala ya fedha.

Mjini, mambo hayo yalifika kwa sura ya foleni. Kwenye duka la ushirika au ghala la kampuni ya biashara ya mkoa (RTC) watu waliacha mawe, makopo na matofali yashike nafasi zao tangu alfajiri, na ole wake anayelisogeza jiwe la mwenzake. Sukari ilikwenda kwa orodha ya balozi wa nyumba kumi. Mwenye harusi aliomba kibali cha vinywaji na sukari. Mwenye msiba alihangaikia sanda. Waliofua kwa majani ya mpapai wapo, na unga wa mahindi ya njano ya msaada ukapewa jina la Yanga kwa sababu ya rangi ya jezi, jambo ambalo mashabiki wa Simba walilifurahia kadiri njaa ilivyowaruhusu. Magari binafsi yalizuiwa barabarani Jumapili mchana ili kuokoa mafuta. Nguo za mitumba, zilizoitwa kafa Ulaya, zilivaliwa na watu waliokuwa wamekua wakijivunia vitenge vya Urafiki na Mwatex.

Serikali haikukaa bure. Septemba 1980 ilisaini makubaliano na IMF, baada ya yote yale, na yakavunjika ndani ya miezi michache kwa sababu viwango vya kukopa benki vilivukwa. Mwaka 1981 ikaja na mpango wake wa kujiokoa kiuchumi, uliosheheni malengo ya mauzo ya nje ambayo hayakufikiwa. Mwaka 1982, kwa msaada wa kikundi cha washauri kilichokuwa na Mkanada Gerald Helleiner, ukaandaliwa mpango mwingine. Shilingi ikashushwa kidogo kidogo, kwa asilimia 10 mwezi Machi 1982, kisha tena Juni 1983. Kwa IMF ilikuwa kama kumpa mtu mwenye malaria nusu kidonge. Sheria ya kurudisha ushirika nayo ilipitishwa 1982.

Februari 1983 Edward Sokoine alirudi kwenye Uwaziri Mkuu, na ndani ya wiki chache lawama ikapata makazi mapya. Adui sasa alikuwa mlanguzi. Kuanzia mwishoni mwa Machi polisi, mgambo na vijana wa chama walipekua maghala na nyumba, na watu zaidi ya elfu moja wakakamatwa kwa uhujumu uchumi. Sabuni, betri, mabati na vitambaa vilitolewa darini na chini ya vitanda. Waliowahi kuonywa walivitupa baharini na vichakani usiku. Bunge lilipitisha sheria iliyoanzisha baraza maalum la kuwahukumu, ambamo mshtakiwa hakuruhusiwa wakili. Wananchi wengi walishangilia, na msimamo wa Sokoine mwenyewe, mtu aliyeishi bila makuu, uliifanya vita hiyo iheshimike. Mpaka leo ukimkosoa mbele ya baadhi ya watu utajibiwa vibaya.

Lakini iulizwe: mlanguzi alikuwa chanzo au matokeo? Bidhaa ikikatazwa kuuzwa kwa bei inayoilipa gharama yake, itauzwa gizani. Maduka binafsi ya vijijini yalifungwa na serikali yenyewe, katika Operesheni Maduka ya 1976, bila ya ushirika kuwa tayari kuyapokea. Aliyeficha katoni kumi za sabuni alifanya kosa. Ukosefu wa sabuni ulikuwepo kabla yake, na baada ya maghala kupekuliwa rafu zilibaki tupu vilevile. Sokoine aliliona hilo, nadhani, kwani serikali yake ndiyo iliyomaliza ugomvi wa mpaka na Kenya Novemba 1983 na kuandaa kilimo kirudi kwenye kipaumbele. Alifariki kwa ajali ya gari Dakawa, Morogoro, tarehe 12 Aprili 1984.

Wakati huo Mlimani kulikuwa kumechemka tena, safari hii kwa hoja. Wachumi kama Ibrahim Lipumba, Benno Ndulu, Samuel Wangwe na Lucian Msambichaka walianza kueleza hadharani kwamba shilingi iliyobebwa juu inamwibia mkulima wa zao la nje na kumzawadia mwenye kibali cha kuagiza bidhaa. Ilikuwa hoja ya kijamaa ukiitazama vizuri, ingawa ilifanana na ya IMF. Upande wa pili, Waziri wa Mipango Kighoma Malima, naye mchumi wa chuo hichohicho, alishikilia kwamba kushusha shilingi kutapandisha gharama bila kuongeza mauzo, maana mibuni haizai mara mbili kwa sababu ya tangazo la Benki Kuu. Cleopa Msuya, Waziri wa Fedha tangu 1983, alikuwa karibu zaidi na wale wa kwanza. Mabishano hayo yalifanyika zaidi kwenye vikao vya chama kuliko Bungeni, na Mwalimu aliyasikiliza yote.

Bajeti ya Juni 1984 ndiyo iliyogeuza meza, na inastahili kukumbukwa kuliko inavyokumbukwa. Msuya alishusha shilingi mpaka 17 kwa dola, akaondoa ruzuku ya sembe, akapandisha bei za mazao, na akatangaza kwamba mwenye fedha zake za kigeni anaweza kuagiza bidhaa na hataulizwa alizipata wapi. Hataulizwa! Mwaka mmoja kabla, swali hilohilo lilikuwa linaulizwa usiku, kwa kugongewa mlango. Ndani ya miezi michache maduka ya Kariakoo yalikuwa na khanga, baiskeli, sabuni na vipuri. Dola zilizokuwa Nairobi na Dubai, za kahawa ya magendo, dhahabu na meno ya tembo, zilirudi zikiwa zimevaa sura ya bidhaa. Ada ya sekondari ilirudishwa katika kipindi hichohicho, pamoja na kodi ya maendeleo ya halmashauri. Ruzuku ya sembe, iliyodaiwa kuwa haigusiki, ilikatwa na Mwalimu mwenyewe akiwa madarakani, bila saini ya IMF.

Mwaka huo, akizungumza na jarida moja la Uingereza, alikiri kwamba yapo mambo mawili asingeyarudia kama angeanza upya: kufuta serikali za mitaa na kuvunja vyama vya ushirika. Alisema walikuwa na papara na hawakujua. Viongozi wachache hujisema hivyo wakiwa bado Ikulu.

Wahisani wa Skandinavia nao, waliokuwa wamemtetea kwa muda mrefu, mwishoni mwa 1984 walimwambia kwa upole kwamba bila makubaliano na IMF mifuko yao ingefungwa. Tarehe 5 Novemba 1985 alikabidhi nchi kwa Ali Hassan Mwinyi, aliyekuwa amekwisha kulegeza biashara Zanzibar. Juni 1986 shilingi ilishushwa hadi 40 kwa dola, na Agosti mwaka huo IMF ikaidhinisha mkopo. Kwenye bodi ya shirika hilo Washington, miongoni mwa wakurugenzi watendaji, alikuwa amekaa mwakilishi wa kundi la nchi za Afrika: Edwin Mtei wa Tengeru.

Yaliyofuata yaliwapa wote wawili sehemu ya haki yao. Uchumi ulianza kukua tena na rafu zikajaa. Na lile alilolihofia Mwalimu likatokea vilevile: uandikishaji wa shule za msingi, uliokaribia kila mtoto mwaka 1980, ulishuka chini ya asilimia 80 katika miaka ya tisini, uchangiaji gharama ukaingia hospitalini 1993, na ada ya shule ya msingi haikufutwa tena mpaka 2001.

Karibu na mwisho wa uhai wake Mwalimu alisimulia jinsi alivyokwenda Benki ya Dunia, Washington, akaulizwa moja kwa moja kwa nini alishindwa. Alijibu kwamba Waingereza walimwachia nchi yenye asilimia 85 ya watu wazima wasiojua kusoma, wahandisi wawili na madaktari kumi na wawili. Alipoondoka wasiojua kusoma walikuwa asilimia 9, na wahandisi na madaktari ni maelfu. Akaongeza kwamba miaka kumi na mitatu tangu aondoke, pato la kila Mtanzania lilikuwa nusu ya lile aliloliacha, kisha akawarudishia swali: ninyi mmefanya nini?

Hesabu ya kusoma na kuandika ni ngumu kuibishia. Ile ya pato inategemea unaigeuza shilingi kuwa dola kwa kiwango kipi. Kwa 17 ya mwaka 1985 na zaidi ya 600 ya mwaka 1998, Mwalimu yuko sahihi. Ukisema ile 17 haikuwa bei ya kweli hata siku moja, pato aliloliacha linapungua sana kabla hujaanza kulilinganisha na lolote, na hapo mtakuwa mmerudi kulekule kulikomwondoa Mtei ofisini Desemba 1979.